Uzi maalumu: Mbwa wa Uskoti, tabia zao na kinachofanya watu wawapende hivi

MtuWaMilimani (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Humu jukwaani German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wameshaandikiwa nyuzi nyingi, na ni haki yao, mbwa wa ulinzi tunawahitaji. Ila kuna nchi moja ndogo, ya mvua na upepo, ambayo mbwa wake wamejaa dunia nzima na wengi wetu hatujui kwamba wametokea huko. Ni Uskoti. Watu wake ni milioni tano na nusu hivi, kondoo ni wengi kuliko watu, na mbegu za mbwa zilizozaliwa huko zinapita kumi: Golden Retriever, Border Collie, Collie wa manyoya marefu, Bearded Collie, Shetland Sheepdog (Sheltie), Gordon Setter, Deerhound, na ukoo mzima wa mbwa wadogo wa kuingia mashimoni, yaani Scottish Terrier (Scottie), West Highland White (Westie), Cairn, Skye na Dandie Dinmont.

Mimi naishi huku kaskazini, karibu na Inverness. Nafanya kazi kwenye kituo ambacho watu wakisafiri wanaacha mbwa wao, kwa hiyo hawa ninaowaandika nawalisha, nawatembeza na nawasafisha. Ninachotaka kieleweke ni hiki: tabia ya mbwa wa Uskoti imetokana na kazi aliyopewa babu yake, na ardhi aliyoifanyia kazi hiyo. Ukimpenda kwa manyoya tu, atakusumbua na wewe utamtesa. Ukiijua kazi yake, kila anachokufanyia nyumbani utakielewa.

Naleta kwa vipande. Maswali ruksa.

Kipande cha kwanza: Border Collie

Huyu ni wa mpakani, na hata historia yake ina miguu pande zote mbili. Mwaka 1893, upande wa England, huko Northumberland, mfugaji Adam Telfer alipata dume akamwita Hemp. Baba yake, Roy, alikuwa mpole na mchangamfu, kazini wa kawaida tu. Mama yake, Meg, alikuwa na haya lakini ana jicho kali mno. Hemp akarithi kwa wote wawili. Alifanya kazi kimya kimya, habweki, hang'ati, na kondoo wakamtii. Wachungaji wakawa wanamletea majike yao. Inakadiriwa alizaa watoto wapatao 200 kabla hajafa mwaka 1901. Border Collie wa leo, ukifuatilia ukoo wake, karibu lazima utamkuta Hemp. Jina lenyewe likaja baadaye, mwaka 1915, kwa mkono wa James Reid, Mskoti aliyekuwa katibu wa International Sheep Dog Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1906.

Kuna mchungaji jirani yangu ana jike mweusi mwenye kola nyeupe shingoni. Akimtuma kwa mluzi, yule jike haendi kwa kondoo moja kwa moja. Anazunguka kwa mbali, mbali kabisa, mpaka atokee nyuma yao bila kuwashtua. Hapo anashuka: tumbo linakaribia majani, kichwa kiko chini ya mabega, mguu mmoja wa mbele umebaki hewani. Kondoo wa uso mweusi wanageuka kumtazama, mmoja anapiga kwato chini. Jike hasogei. Anamkazia macho tu. Haichukui muda yule kondoo anageuza kichwa, na kundi zima linaanza kutembea taratibu kushuka kwa mchungaji. Hakuna aliyekimbia. Kondoo akikimbia anapoteza nyama, na mwenye mimba anaweza kutupa, ndiyo maana mbwa wa kelele na meno hana soko huku.

Milio ya mluzi ni michache: zunguka kushoto, zunguka kulia, lala, sogea polepole, basi inatosha. Mchungaji mwenye mbwa wawili humpa kila mmoja milio yake, akiwatuma pamoja wasichanganyane.

Sasa mchukue mbwa huyu umfungie uani asubuhi mpaka jioni. Jicho lile halizimiki. Atamchunga mtoto wako, atamchunga bodaboda, atafukuza kivuli ukutani mpaka awe kama mgonjwa. Huyo si mbwa mkorofi. Amenyimwa kazi.

Kisiki_Njombe

Nimekaa mbele kabisa. Mkuu, huku Njombe na Makete baridi tunayo, kondoo tunao. Border Collie angeweza?

MtuWaMilimani

Mkuu Kisiki, kwa hali ya hewa angekaa bila shida. Swali ni nani atamfundisha. Silika anazaliwa nayo, mtoto wa miezi michache anaanza kuwazunguka kuku bila kufundishwa, lakini kuligeuza lile kuwa kazi kunahitaji mtu aliyekwisha kufundisha mbwa wengine. Halafu jambo jingine: Border Collie ni wa kuswaga, hakuzaliwa kulinda kundi dhidi ya fisi au chui. Kundi lako likivamiwa usiku, usimtegemee.

Kuhusu akili yao nawapa mawili. La zamani: James Hogg, mshairi aliyekuwa mchungaji kusini mwa Uskoti, ameacha simulizi ya mbwa wake Sirrah. Wana-kondoo wapatao 700 walichoropoka usiku wa manane wakatawanyika makundi matatu. Watu walizunguka milimani usiku kucha bila kuona hata mmoja. Alfajiri wakamkuta Sirrah bondeni amewakusanya wote, na walipohesabu hakukosekana mwana-kondoo hata mmoja. La karibuni: kule South Carolina, Marekani, profesa John Pilley alimfundisha Border Collie wake, Chaser, majina ya vitu 1,022, kila kitu na jina lake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Ukimwambia alete kitu fulani kwenye rundo analeta hichohicho.

mama_wawili

Hiyo ya Sirrah imenisisimua. Endelea kaka, Golden ndiye ninayemngojea.

MtuWaMilimani

Dada, haya twende.

Kipande cha pili: Golden Retriever

Saa moja na kidogo kwa gari kutoka ninapokaa kuna magofu ya nyumba kubwa inaitwa Guisachan, jirani na Glen Affric. Paa hakuna, kuta zimebaki, miti imeota ndani. Hapo ndipo Golden alipozaliwa. Mwenye mali alikuwa tajiri Dudley Marjoribanks, aliyekuja kuwa Lord Tweedmouth. Mwaka 1865 alinunua huko Brighton dume la rangi ya dhahabu, jina lake Nous. Ndugu zake wote tumbo moja walikuwa weusi. Mwaka 1868 akampandisha kwa jike aitwaye Belle, wa mbegu ya Tweed Water Spaniel ambayo leo haipo tena. Wakazaliwa watoto wanne wa manjano: Ada, Cowslip, Crocus na Primrose. Ukiondoa Ada, majina ni ya maua.

Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba Golden wametokana na mbwa wa sarakasi kutoka Urusi. Hadithi tamu, lakini Tweedmouth alikuwa mtu wa kuandika. Daftari lake la mbwa lilipochapishwa mwaka 1952 hapakuwa na Mrusi hata mmoja ndani yake. Palikuwa na Nous na Belle. Nawaheshimu sana watu wanaoandika kumbukumbu za mifugo yao. Bila daftari lile tungekuwa bado tunaimba sarakasi.

Kazi ya Golden ilikuwa moja: mwindaji amepiga ndege, ndege ameangukia majini au vichakani, mbwa aende akamtafute na kumleta bila kumtafuna. Tazama sasa tabia iliyotoka hapo. Mdomo laini. Mapenzi ya maji. Uvumilivu wa kukaa kimya kandokando ya mtu mpaka aambiwe nenda. Na furaha ya kukabidhi kitu mkononi. Pale kituoni kwetu kila Golden anayefika anaingia na kitu mdomoni, na kama hana basi ataokota soksi ya mtu, ataitembeza, atakuja kukukabidhi mkia ukipiga huku na huku. Mbwa anayefurahia kumpa mtu kitu ndiye huyohuyo anayefundishika kuwaongoza wasioona na kukaa na wagonjwa hospitalini. Hawakubadilishiwa roho, wamebadilishiwa kazi tu.

Wapenzi wa Golden kutoka nchi mbalimbali hukusanyika Guisachan kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2018, mbegu ilipotimiza miaka 150, walifika mbwa zaidi ya 300 kwenye majani mbele ya yale magofu.

Ubaya wake: saratani inawaua wengi kabla ya uzee, nyonga zinaweza kuwa mbovu za kuzaliwa, manyoya yanadondoka mwaka mzima. Na msimnunue kulinda nyumba. Mwizi atapewa soksi.

Daktari_Ngombe (Arusha)

Mleta uzi, hongera. Naomba kuingilia kabla hujaenda mbali, kwa sababu kuna kitu kinaua mbwa wa jamii ya Collie huku kwetu na wenye mbwa hawajui kwa nini.

Ni ivermectin. Ile sindano tunayochoma ng'ombe na mbuzi kwa minyoo na upele. Inauzwa kila duka la dawa za mifugo, na watu wanawachoma mbwa wenye upele kwa kukadiria kwa macho. Mbwa wengi huvumilia kwa bahati. Collie havumilii. Wengi wao wana hitilafu katika jeni inayoitwa MDR1. Jeni hiyo kazi yake ni kutengeneza protini inayozuia dawa za namna hii zisiingie kwenye ubongo. Ikiwa na hitilafu, mlango uko wazi. Mbwa anaanza kuyumba, mate yanamtoka, macho hayaoni, anatetemeka, halafu anazimia. Dawa maalumu ya kuligeuza hilo hakuna. Ni kumtunza kwa dripu na kumsaidia kupumua mpaka dawa imtoke mwilini, na wengi hawafiki.

Collie wa manyoya marefu ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Marekani imeonekana karibu 70 kati ya kila 100 wanabeba hitilafu hiyo. Shetland Sheepdog naye anayo, kwa kiasi kidogo. Border Collie ni mara chache. Lakini chotara je? Mbwa umeambiwa tu "ni mchanganyiko wa Collie", hujui amebeba nini. Mchukulie kama anayo.

Kwa upele na kupe kuna vidonge vya kundi la isoxazoline ambavyo mbwa hawa wanavivumilia kwa dozi iliyoandikwa, ila mbwa mwenye kifafa mwambie daktari kwanza. Kingine: ukishawapa ng'ombe au farasi ivermectin, usiache Collie azunguke zizini. Mbwa hula kinyesi, na dawa iko humo. Na loperamide, ile ya binadamu ya kuzuia kuharisha, usimpe kabisa.

MtuWaMilimani

Daktari, ubarikiwe. Naomba wasimamizi wa jukwaa wauweke mchango huu juu kabisa. Huku madaktari wanachukua ute wa shavuni kwa pamba wanapeleka maabara kupima hiyo jeni, na mfugaji makini anakuonyesha majibu ya wazazi kabla ya kukuuzia mtoto.

Abu_Salha (Mombasa)

Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi mtu wa pwani, na kwetu mbwa haingii ndani, mate yake ni najisi, nguo ikiguswa inafuliwa ndipo mtu aswali. Lakini nataka niseme kwa haki: mbwa wa kazi ametajwa katika dini yetu. Surat al-Maida, aya ya 4, inahalalisha kiwindwa kilichokamatwa na mnyama aliyefunzwa kuwinda, na hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, zinaruhusu mbwa wa kuchunga mifugo, wa kuwindia na wa kulinda shamba. Kwa hiyo maneno ya mleta uzi kwamba mbwa aangaliwe kwa kazi yake, mimi nayaelewa vizuri sana. Kumnyima mnyama haki yake ni dhambi hata kama humgusi.

MtuWaMilimani

Wa alaykum salaam sheikh. Shukrani. Na wachungaji wa huku wengi mbwa wao hawalali ndani ya nyumba pia. Ana banda lake kavu, maji safi, na asubuhi yuko mlangoni anasubiri kazi.

Kipande cha tatu: wa mashimoni

Magharibi ya Uskoti kuna malundo ya mawe, na ndani ya mawe kuna mbweha, fisimaji na panya. Mbwa mkubwa haingii humo. Kwa hiyo watu wakazalisha mbwa wa miguu mifupi, kifua chembamba kiasi cha kupita, meno makubwa kuliko unavyotarajia kwa umbo lile, manyoya magumu juu na laini chini. Mshikeni Westie au Scottie mguu wa mbele mlinganishe na wa nyuma: wa mbele una kiganja kikubwa zaidi, ni jembe. Mkia wake mfupi ni mnene pale shinani, na wawindaji walikuwa wakiushika kumvuta akikwama.

Fikirieni kazi hiyo. Mbwa yuko chini ya ardhi, gizani, mbele yake kuna mnyama mwenye meno, na bwana wake yuko juu, hasikiki. Kila uamuzi ni wake. Hapo ndipo ubishi wa terrier ulipotoka. Ukimwita Collie anakuja kabla hujamaliza jina. Ukimwita Scottie anasimama, anakuangalia, anapima. Watu wanaita kiburi. Mimi naona ni mnyama aliyezoezwa vizazi na vizazi kutegemea akili yake mwenyewe, na namheshimu kwa hilo kuliko ninavyomheshimu mbwa wa kutii tu.

Scottie amefika mpaka ikulu ya Marekani. Rais Franklin Roosevelt alikuwa na Scottie anaitwa Fala, wakienda pamoja safarini. Mwaka 1944 wapinzani walieneza kwamba Fala alisahauliwa kwenye visiwa vya Aleutian na manowari ikatumwa kumrudia kwa pesa za umma. Roosevelt akajibu kwenye hotuba ya Septemba 23 kwamba yeye na familia yake wamezoea kusemwa, lakini Fala, akiwa Mskoti, amekasirika kusikia gharama hiyo. Watu walicheka nchi nzima, na uchaguzi alishinda. Fala amezikwa karibu naye huko Hyde Park, New York.

Na Julai 2014, ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Celtic Park, Glasgow, kila timu iliingia ikitanguliwa na Scottie aliyevaa kikoti chenye jina la nchi. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wote walitanguliwa na mbwa wafupi wanaotembea kama wenye uwanja. Wengine walichoka njiani, wakabebwa.

Westie mweupe ana simulizi ya huzuni. Inasemekana Kanali Edward Malcolm wa Poltalloch, Argyll, alimpiga risasi terrier wake mwekundu-kahawia akidhani ni mbweha. Akaapa kwamba kuanzia hapo atazalisha weupe tu, waonekane hata kwenye majani makavu. Dandie Dinmont yeye jina lake limetoka kwa mhusika wa riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1815, mkulima mwenye kundi la terrier. Watu walipoisoma wakaanza kuwaita mbwa halisi jina la mtu wa kubuni, likawaganda mpaka leo.

Kamanda_wa_Kilosi

Mkuu, na yule mbwa wa kaburini Edinburgh? Au ni uzushi wa kuvutia watalii?

MtuWaMilimani

Swali zuri. Anaitwa Greyfriars Bobby. Simulizi ni kwamba John Gray, mlinzi wa usiku wa polisi wa Edinburgh, alifariki mwaka 1858 akazikwa makaburi ya Greyfriars, na mbwa wake, anayesemwa ni Skye Terrier, akakaa pale miaka 14 mpaka naye akafa mwaka 1872. Mwaka 1867 ilipotoka amri kwamba mbwa asiye na leseni auawe, meya wa jiji William Chambers alimlipia leseni na kumpa kola. Kola hiyo ipo makumbusho ya Edinburgh, nimeiona. Sanamu yake iliwekwa mwaka 1873.

Mtafiti Jan Bondeson wa Chuo Kikuu cha Cardiff alikuja mwaka 2011 na hoja kwamba walikuwa mbwa wawili waliofuatana, na kwamba mbwa wa mitaani walikuwa wakikaa makaburini kwa sababu wanapata chakula. Wenye migahawa walipata wateja, jiji likapata wageni. Hoja yake ina uzito, siipuuzi. Lakini yeyote aliyewahi kuishi na Skye anajua kwamba mbwa huyu ni wa mtu mmoja. Anachagua mmoja nyumbani, wengine anawastahi tu. Kama yule alikuwa Skye kweli, sioni cha ajabu.

Kinachoniuma ni kwamba sanamu inapigwa picha kila dakika na mbwa mwenyewe anatoweka. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa, ina orodha ya mbegu za kwao zilizo hatarini, zile ambazo watoto wanaosajiliwa kwa mwaka hawafiki 300. Skye yumo, Dandie yumo, Deerhound yumo. Kwa Skye kuna miaka hawakufika hata 50, nchi nzima. Watu wanataka mbwa wa kwenye mitandao, sura bapa, pua fupi, anayekoroma, na huyu aliyesimama karne na karne milimani anaachwa afe.

Kisiki_Njombe

Hilo la mbegu kupotea nalijua. Hata kuku wetu wa kienyeji wanaenda hivyohivyo. Leta Deerhound.

MtuWaMilimani

Huyo ndiye wangu wa moyoni, naomba mnivumilie.

Kipande cha nne: Deerhound

Dume halipungui sentimita 76 begani na kilo 45 hivi. Manyoya ya kijivu, magumu, yamesimama ovyo kama nyasi zilizopigwa na upepo. Aliwinda kulungu wekundu kwa kuwakimbiza, na kwa muda mrefu alikuwa mali ya machifu wa koo za milimani. Koo zilipovunjwa nguvu baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, na bunduki zikazidi kuwa bora, mbwa huyu hakuhitajika tena, akakaribia kwisha. Walioinusuru mbegu ni ndugu wawili, Archibald na Duncan McNeill wa kisiwa cha Colonsay, kwenye karne ya 19. Walter Scott naye alikuwa na chotara wake, Maida, zawadi ya chifu Macdonell wa Glengarry. Nendeni Princes Street, Edinburgh, kwenye mnara wa Scott: amekaa kwenye marumaru, na Maida yuko pembeni yake anamtazama usoni.

Leo kuwinda kwa kukimbiza mnyama kwa mbwa kumekatazwa Uskoti, kwanza kwa sheria ya mwaka 2002 na sasa kwa ile ya mwaka 2023 iliyochukua nafasi yake. Kwa hiyo kazi yake haipo. Na hapa ndipo penye kunishangaza: mbwa mkubwa hivi, aliyeumbwa kuangusha kulungu, ndani ya nyumba ni mpole kupita wote tulio nao. Anatembea kama anaogopa kuvunja vyombo. Anakuja, anaegemeza kichwa kwenye mapaja yako, ananyamaza. Mgeni akifika anamkaribisha. Lakini mpeleke uwanda wa wazi, sungura atoke, utaona kiumbe tofauti: mgongo unajikunja na kunyooka, miguu yote minne inakuwa hewani, na ukimwita wakati huo hakusikii. Anahitaji nafasi ya kukimbia kweli, na mwenzake wa kukimbia naye. Asipoipata hatabweka wala kuvunja kitu, atasinyaa tu. Maisha yake ni mafupi, miaka minane au tisa, saratani ya mifupa na moyo. Anayemfuga analijua hilo siku anayomchukua.

Wanjiru_K (Nairobi)

Kaka, nimesoma uzi wote usiku huu. Swali langu ni la kawaida. Tunaishi kwenye ghorofa huku Kilimani, watoto ni wa miaka saba na kumi, mimi natoka kazini saa kumi na moja. Watoto wanataka Sheltie, mume wangu anataka Westie. Wote nimewaona wakitangazwa mtandaoni. Tuchukue yupi?

MtuWaMilimani

Dada Wanjiru, ahsante kwa kusoma mpaka hapa.

Sheltie ametoka visiwa vya Shetland, pepo kali, kondoo wadogo, mashamba yasiyo na uzio. Kazi yake ilikuwa kufukuza kondoo na ndege kwenye mazao, na silaha yake ni sauti. Anabweka lifti ikifunguka, anabweka mtu akipita kwenye korido. Anafundishika haraka sana na anapenda watoto, lakini kwenye ghorofa majirani watakuja kugonga. Pia ana manyoya tabaka mbili. Nairobi baridi inamsaidia, ingekuwa Mombasa au Dar ningekukataza kabisa. Na yale ya Daktari kuhusu ivermectin yanamhusu. Kama mzazi mmoja ana madoadoa ya kijivu-buluu, hakikisha mwingine hana. Wakiwa nayo wote wawili, watoto wanaweza kuzaliwa viziwi au vipofu.

Westie kwenye ghorofa anakaa vizuri zaidi. Atembezwe asubuhi kabla hujaenda kazini na jioni ukirudi, apewe mahali pa kuchimba hata kama ni sanduku la mchanga pale barazani. Watoto wafundishwe kutomnyang'anya kitu mdomoni. Hamster au sungura msiwe nao. Ila usimnunue mtandaoni bila kwenda kuona. Waulizeni East Africa Kennel Club hapo Nairobi kama kuna mfugaji aliyesajiliwa. Ukifika, omba kumwona mama wa watoto, si picha yake. Westie wanasumbuliwa mno na ngozi, na huu ni ugonjwa wa kurithi: mfunue yule mama manyoya ya tumboni, kwapani na katikati ya vidole. Ukiona wekundu, ngozi imekuwa nene na nyeusi, au manyoya meupe yamegeuka kahawia kwa kulambwalambwa, mshukuru mwenyeji na urudi nyumbani bila mbwa.

Wanjiru_K

Nimeelewa. Jumamosi tunaenda kumwona huyo mama.